Kipanga Asiyekupenda

Ukiniletea kipanga aliyevunjika bawa, la kwanza nitakalokuomba ni uache kumsemesha. Najua unamfariji. Yeye hajui kama unamfariji. Anachokiona ni kiumbe kikubwa kinachomkodolea macho na kutoa sauti, na kwa ndege wa mwitu hizo ni dalili za kuliwa. Mfunike leso, mtie kwenye boksi lenye matundu, weka boksi mahali penye giza pasipo na watoto, kisha piga simu. Usimpe maji kwa kijiko. Usimpe ugali. Na tafadhali sana, usimpe dawa ya maumivu iliyobaki kwenye droo.

Hilo la dawa nalirudia kila mara na sichoki. Diklofenaki, ambayo nyumba nyingi hapa Malindi hazikosi kwa ajili ya mgongo wa baba au jino la mama, ndiyo iliyowamaliza tumbusi wa India, Pakistani na Nepali kuanzia miaka ya 1990. Walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwayo, figo zao zikafa, wakaanguka kwa mamilioni. Mwaka 2006 India ikapiga marufuku kuitumia kwa mifugo. Kipanga si tumbusi, sawa, lakini sioni kwa nini tujaribu kwa mgonjwa wa watu ilhali ipo meloksikamu, ambayo madaktari wanaitumia kwa ndege wa mawindo.

Mimi mwenyewe si daktari wa wanyama. Watu wa huku Barani wananiita daktari kwa kuwa nachanja kuku wao kideri na kuwapa mbuzi wao dawa ya minyoo. Ndege wa mawindo nilijifunza kwa mzee mmoja wa upande wa Watamu mwenye kibali cha kuwatunza. Kibali si mapambo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa mwitu nyumbani kwake kwa sababu tu amemhurumia, na ukiokota ndege kama huyo ni juu yako kuwaarifu KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mzee akinituma, naenda. Asiponituma, nachanja kuku.

Kipanga ninayetaka kumsimulia alitoka kijiji cha Ganda. Aliletwa na kijana wa darasa la saba, amepakiwa nyuma ya bodaboda, kipanga mwenyewe yumo ndani ya pakacha lililofungwa kwa kitambaa. Kijana hakuficha: alimpiga kwa manati. Alikuwa amelenga njiwa, kipanga akapita katikati, au ndivyo alivyoeleza. Hawe yake, yaani bibi yake, alipoona ndege amelala chini ya mkorosho, macho wazi, alimwambia ampeleke kwa daktari wa kuku na asirudi mpaka ajue mwisho wake. Basi kijana akakaa nje kwenye benchi, akingoja aambiwe mwisho.

Ukimtoa ndege kama huyu, shika miguu kwanza. Kila mgeni wa kazi hii huogopa mdomo. Mdomo utakuuma, ndiyo, lakini miguu ndiyo inayoua. Ukucha wa nyuma ukiingia kwenye kiganja, ndege hauachii, na kadiri unavyovuta ndivyo anavyokaza. Nilimzungushia leso mabawa yakabana mwilini, nikamvalisha kichwani soksi ya mtoto iliyokatwa ncha ili apumue. Giza lilipomfunika macho, akatulia hapo hapo.

Alikuwa jike mzima, wa ile aina ya msituni ambayo kwa miaka mingi vitabu vimeiandika Accipiter tachiro: mgongo wa kahawia, kifua cheupe chenye mistari ya kahawia iliyokatiza, macho ya njano. Jike kwa ndege hawa ni mkubwa kuliko dume. Dume wake huenda umemsikia bila kumjua. Alfajiri huzunguka juu sana, juu ya minazi, anatoa mlio mmoja mfupi mkavu, ananyamaza kidogo, anatoa mwingine. Wengi hudhani ni mdudu.

Mzani wa jikoni ulisema gramu 310. Nikapitisha kidole kwenye kidari. Ndege mwenye afya ana nyama pande zote mbili za mfupa wa kifua, na mfupa wenyewe unaugusa kwa shida. Huyu mfupa ulinijia kidoleni kama makali ya kisu. Maana yake hakupigwa jana. Alikuwa amekaa chini siku kadhaa bila kuwinda kabla hajaonekana, na nilipomuuliza kijana, akainamisha kichwa, akasema alimpiga Jumatano na alidhani karuka akaenda zake. Mdomoni nilitafuta utando wa njano, ugonjwa ambao vipanga huupata kwa kula njiwa, hakuwa nao. Kinyesi kilikuwa cha kijani kibichi, rangi ya nyongo inayopita kwenye tumbo tupu.

Hapo ndipo huruma ya watu inapoua ndege wengi. Anakuja na njaa, unamkatia nyama, anaimeza yote, na kesho yake unamkuta amekufa na nyama ikiwa bado iko tumboni. Mwili uliokauka hauna maji ya kusagia chakula. Kwanza ni maji yenye chumvi na sukari, ya uvuguvugu, kwa mpira mwembamba unaopita pembeni ya tundu la pumzi mpaka ndani. Kipimo ni kama sehemu tano kwa mia ya uzito wake, yaani kwa huyu mililita 15 kila safari. Vipande vya nyama visivyo na mfupa wala nyoya vilikuja baadaye, vidogo, vimeloweshwa. Mgonjwa haulizwi uji, lakini na yeye anayeupika asijipikie tu.

Kuhusu mfupa wenyewe sitakuweka sana. Bawa la ndege lina mifupa miwili hapo tunapoweza kupaita kigasha, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Jiwe lilivunja ule mnene katikati, mwembamba ukabaki mzima, na huo mzima ndio uliokuwa gango la mwenziwe. Ungevunjika mfupa wa juu, ule wa karibu na bega, ambao ni mtupu ndani na umeungana na mifuko ya hewa ya ndege, tungekuwa tunazungumzia upasuaji na pini, na pengine tusingekuwa tunazungumza kabisa. Daktari wa wanyama alipiga eksirei, akaridhika, akafunga bawa kwa bendeji ya kujishika kwa mtindo wa namba nane, bila kukaza kifua, kwa sababu ndege hupumua kwa kupanua kifua na ukikibana umemnyonga. Mfupa wa ndege hushika haraka. Wiki mbili au tatu, basi. Kijana wa Ganda aliposikia wiki tatu, akapiga makofi.

Makofi hayo ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Karibu kila mtu hudhani kazi imekwisha mfupa ukishika. Ndege anakunjua bawa, anaruka kutoka fito moja hadi nyingine, anakula, anang'aa, mfungulie aende! Ukimfungulia siku hiyo umemtupa. Kipanga hali mbegu wala makombo sokoni. Anaishi kwa kukamata kiumbe kingine ambacho nacho hakitaki kufa, na akikosa mara nyingi mfululizo anadhoofika, na akidhoofika anakosa zaidi. Hana akiba. Mwanariadha aliyetoka kwenye plasta jana hapelekwi kwenye fainali leo, na huyu kila siku yake ni fainali.

Banda lake lilijengwa kwa fito zilizosimamishwa wima, zimeachiana nafasi ndogo kuliko kichwa chake, na paa la makuti. Watu hutaka kutumia wavu wa kuku kwa kuwa ni rahisi. Wavu wa kuku ni adui: ndege hurukia, vidole hunasa, na manyoya ya mkia hukatika mpaka abaki na ufagio. Fito wima hazimpi pa kushika, anateleza anarudi. Vijiti vya kutulia tulivizungushia kamba ya makumbi, kwa sababu ndege akikalia kitu kilaini kisichobadilika, nyayo hupata vidonda na vikiingia usaha vinafika mfupani. Kamba ile ya minazi iliyo na mikwaruzo kila mahali ndiyo bora niliyoiona, na huku kwetu haina bei.

Sasa mkia. Pakacha lilimwokoa na pakacha lilimharibu. Katika kujigeuzageuza humo ndani alikata manyoya matano kati ya kumi na mawili ya mkia. Kwa ndege wa mbugani labda ungesema ataishi hivyo. Huyu ni wa msituni: mabawa mafupi, mkia mrefu, na mkia ndio usukani wake akifukuza ndege katikati ya matawi. Na unyoya uliokatika hauoti mpaka wakati wake wa kunyonyoka ufike, jambo linaloweza kuchukua mwaka. Ukiung'oa ili uote upesi unaweza kuharibu mzizi usiote tena.

Kwa hiyo yule mzee wa Watamu akafanya ile kazi ambayo ningeitazama hata bila kulipwa, na kwa kweli sikulipwa. Alikuwa na manyoya ya jike mwingine wa aina ile ile, aliyejigonga kwenye kioo cha nyumba moja ya kitalii akafa. Ameyahifadhi kwenye bahasha, kila moja limeandikwa nafasi yake, la kushoto kando na la kulia kando, maana hayabadilishani. Ndege akalazwa usingizi. Mzee akakata kila unyoya uliovunjika pale ambapo shina bado ni zima, akakata na ule wa bahasha kwa urefu unaolingana. Kisha akachonga kijiti cha mwanzi, chembamba kuliko cha meno, akakipa pembe tatu. Nikauliza kwa nini asikifanye mviringo. Akasema cha mviringo huzunguka, na unyoya ukizunguka ndege ataenda kushoto akitaka kulia. Kijiti nusu kikaingia kwenye shina la mwenyewe, nusu kwenye shina la kuazimwa, tone la gundi katikati, na chini kipande cha karatasi ili gundi isishike manyoya ya jirani. Akapuliza. Akalaza vinyuzi kwa kidole. Ukiangalia kwa mbali huoni kiungo. Kwa karibu unaona tu kwamba mawili kati ya yale matano yamepauka kidogo kuliko wenzake, na alama hiyo ilikuja kutufaa.

Muda wote huu hakuwa na jina. Mtoto wangu alitaka kumwita Malkia na nilimkatalia, si kwa ukali, lakini nilimkatalia. Chakula kilikuwa vifaranga vya siku moja na panya, wazima na manyoya na mifupa yao, vikiingizwa kwa bomba la plastiki jioni bila mtu kuonekana. Asubuhi tulitafuta chini lile donge la manyoya analolitema. Lisipoonekana, hapewi kingine. Kulikuwa na tundu moja la kuchungulia. Ukitokea ghafla mlangoni alijitupa ukutani, akafungua mdomo, akapanua bawa zima na lililopona, akakuangalia kwa chuki ambayo sijawahi kuangaliwa nayo na binadamu. "Mama, huyu hakupendi," mtoto aliniambia. Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe.

Niseme jambo hapa. Miaka ya nyuma niliwahi kuona kwenye hoteli moja ya pwani hii kipanga kafungwa mguu, anakaa juu ya mkono wa yeyote atakayelipia picha. Alikuwa ameletwa angali kinda, akalelewa kwa nyama ya kusaga. Kinda anayekula nyama bila mfupa hukosa kalsiamu, miguu ikapinda kama upinde, na huyu ilikuwa imepinda. Wageni walisema ni mpole. Alikuwa hajui kwamba yeye ni ndege. Kumwachia isingewezekana, kumponya haikuwezekana, na waliomfanya hivyo walikuwa wakimbusu kichwani. Tangu siku ile nikiona video ya mtu anambembeleza bundi au kipanga, napita.

Kumpima nguvu tulimpeleka kwenye uwanja wa mpira kabla wachezaji hawajaamka. Mikanda miwili ya ngozi miguuni, uzi wa nailoni uliosukwa wa mita 50, na mwisho wa uzi kijiti kizito kidogo ili akivuta apunguzwe polepole badala ya kukatizwa kwa ghafla. Safari ya kwanza aliruka chini chini, akatua katikati ya goli na goli, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka kwa kuhema. Tunachokitazama hapo si umbali peke yake. Tunatazama bawa moja likilegea kuliko jingine baada ya kuchoka, na tunahesabu anakaa muda gani kabla ya kufunga mdomo. Bawa la kushoto lililegea. Tukamrudisha. Tukaja tena, na tena, mpaka wanaoamkia uwanja ule wakatuzoea, na siku moja akamaliza uzi wote, akageuka angani akapambana nao, akatua na kufunga mdomo upesi. Mzee akasema tu, "Haya."

Kisha panya hai ndani ya banda. Wapo wasiopenda kusikia habari hii, nawaelewa, lakini ndege asiyeweza kuua panya kwenye banda hataua kitu msituni. Aliua. Alikuwa na gramu 430.

Mahali pa kumwachia palizua maneno. Wengine walisema apelekwe msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba mia nne na ushei za miti ya mirihi na mifunda, atastarehe. Inavutia kusikia, lakini kipanga mzima ana himaya yake. Anajua wapi kuna maji, mti gani njiwa hulala, kunguru wako wapi, na pengine ana dume anayemngoja. Ukimtupa kwenye himaya ya kipanga mwingine, siku yake ya kwanza ya uhuru ni ya kupigwa. Alitoka Ganda, arudi Ganda.

Ganda nako kuna mama mmoja, jirani ya yule hawe, mwenye kuku wa kienyeji wengi kuliko nilivyowahi kumaliza kuwachanja. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mwanangu, umemtibu mwizi wangu, umemnenepesha, sasa unanirudishia."

Nikamweleza kwamba huyu hula zaidi ndege wadogo, mijusi na panya, kwamba panya hao hao wanamlia mahindi ghalani.

"Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea," alinijibu. "Huyo miguu yake inanielekea mimi."

Alikuwa na haki. Kifaranga cha wiki mbili kwa kipanga jike ni chakula kamili, na mimi si mtu wa kumwambia mwenye kuku kwamba hasara yake ni ndogo. Tulikubaliana nimletee wavu, afunike vifaranga mpaka wafikie ukubwa wa njiwa. Hapo ndipo ule wavu wa kuku unapokuwa na kazi yake. Alikubali kwa sharti kwamba niulete kweli.

Tulimwachia asubuhi, upepo wa kusi umetulia na mvua zimepita. Asubuhi humpa mchana mzima wa kujipanga. Jambo jingine lilikuwa kunguru wa India, hawa walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejaa kila jaa la pwani: wakimwona kipanga aliyeduwaa humzingira kumi, ishirini, wakamkimbiza mpaka achoke. Ndiyo maana tulichagua upande wa mikorosho mizito, mbali na barabara na taka. Hatukumrusha juu. Kurusha ndege hewani ni kwa ajili ya picha. Yeye mwenyewe hajui anakokwenda. Boksi likawekwa chini, mlango umeelekea miti, sisi nyuma. Kijana wa manati ndiye aliyevuta kamba ya mlango. Kipanga hakutoka. Alikaa humo mpaka mtu wa bodaboda akaanza kulalamika, kisha akatoka kwa nguvu, chini chini, akapinda kushoto kwenye mkorosho wa kwanza, kulia kwenye wa pili, na ndege wadogo, shore wote wa Ganda, wakaanza kupiga kelele.

Kijana alipewa kazi ya kuangalia mkia. Alinitumia ujumbe wa sauti wiki ile ile: amemwona juu ya mnazi, manyoya mawili yaliyopauka, ana mjusi kafiri mdomoni. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alikasirika.

Baadaye akapiga simu yule mama.

"Daktari, mgonjwa wako amenila kifaranga."

"Pole mama. Alitokea miti au alitokea juu?"

"Juu kabisa. Akashuka katikati ya uwanja, akabeba."

"Mkia wake ulikuwaje?"

"Una panda, kama mkasi."

"Huyo ni mwewe, mama. Si wetu."

"Kwangu wote ni mamoja. Wavu wangu uko wapi?"

Niliupeleka Jumamosi, na misumari. Nyundo alikuwa nayo.